Kabla Hujaniomba Nikutumie Kampo

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mombasa aliniandikia akitaka nimtumie pakiti za kakkonto, dawa ya kampo ya mafua, kutoka hapa Osaka, Japani, kwa kuwa mama yake ana mafua yasiyokwisha, na akataja kwa kupita tu kwamba mama huyo anatumia dawa za shinikizo la damu. Nimemkatalia.

Kampo ni tiba ya mitishamba ya Wajapani yenye asili ya Uchina, ambayo waganga wa Japani waliigeuza ikawa yao. Yoshimasu Todo, katika karne ya 18, ndiye aliyesisitiza zaidi kulipapasa tumbo la mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Serikali ya Meiji, iliyoanza kutawala Japani mwaka 1868, iliisukuma kando, lakini leo michanganyiko 148 hulipiwa na bima ya afya ya taifa, na anayeiandika ni daktari yuleyule anayeandika antibiotiki. Nalikazia jambo hili kwa sababu ndugu zangu walieneza kwamba nimevuka bahari kufuata mganga wa kienyeji, na maneno hayo hayajanitoka moyoni.

Kilichonipeleka kwa daktari wa kampo ni misuli ya miguu iliyokuwa ikinikaza usiku hata nikakosa usingizi. Daktari aliutazama ulimi wangu, akanishika mapigo mikono yote miwili, akanilaza chali na kunibonyeza tumbo taratibu kutoka mbavuni hadi chini ya kitovu, huku akiniuliza kama nasikia baridi miguuni. Akaniandikia shakuyaku-kanzo-to, yenye mizizi miwili tu, wa ua la peoni na wa kanzo (mmea mtamu ambao Waingereza huuita licorice): chembechembe za kukorogwa katika maji ya moto na kunywewa kabla ya kula, zenye utamu wa kukinaisha. Usiku ule nililala fofofo. Hata hivyo alinipa za siku chache tu, akieleza kwamba kanzo ikizidi hupunguza potasiamu mwilini, huvimbisha miguu na kupandisha shinikizo la damu.

Kakkonto ina kanzo hiyohiyo, pamoja na mdalasini, tangawizi na mao, mmea wenye efedrini inayouendesha moyo mbio. Tena hutumiwa mafua yanapoanza, mgonjwa akisikia baridi na shingo ikimkakamaa, jasho likiwa bado halijatoka. (Wajapani wana kichekesho cha kale kuhusu daktari anayempa kila mgonjwa kakkonto, hata aliyemsindikiza mgonjwa.) Basi ndugu zangu, tuache kuagiza dawa kwa jina la ugonjwa, na tuache kudhani kwamba kilichotoka kwenye mmea hakidhuru: shosaikoto, dawa nyingine ya kampo iliyotumiwa sana kwa wagonjwa wa ini, ilihusishwa na nimonia kali, na kufikia mwaka 1996 vifo 10 vilikuwa vimeripotiwa. Mchunguzwe kwanza, mtaje kila kidonge mnachomeza, ndipo mpewe.

Dada wa Mombasa nimemwomba ampeleke mama akapimwe kifua, na abebe vidonge vyake vyote vya shinikizo vikiwa ndani ya pakiti zake.