Mgonjwa akichanganyikiwa, mchome kidole kwanza

Karibuni wodini, manesi na matabibu mnaoanza. Kuhusu kisukari mmeshasoma mengi, na mengi kati ya hayo yanahusu sukari kupanda: macho, figo, miguu, mishipa midogo ya ubongo. Yote ni kweli, ila sehemu kubwa ya madhara hayo hujengeka kwa miaka. Sukari ikishuka haikupi nafasi hiyo, na kiungo cha kwanza kulalamika ni ubongo.

Sababu yake ni ya hesabu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Kwa mtu mzima hiyo ni takriban gramu 120 za glukosi, yaani sukari ya damu, kwa siku, yaani gramu 5 hivi kila saa. Sasa angalia damu: mwenye sukari ya 5 mmol/L (kizio cha kupimia sukari ya damu) ana gramu 4 au 5 za glukosi katika damu yake yote, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Ini na misuli vina akiba ya glaikojeni, yaani glukosi iliyohifadhiwa. Akiba ya ubongo ni ndogo mno. Usiku kucha ini ndilo linalomwaga sukari kwenye damu ili ubongo upate chake.

Wengi huja na picha kwamba insulini hufungulia glukosi mlango wa kila seli. Kwa misuli na mafuta, sawa. Ubongo kwa sehemu kubwa hauhitaji insulini kupokea glukosi; unategemea kiasi kilichomo kwenye damu. Insulini ikizidi, misuli inavuta, ini linazuiwa kutoa, na ubongo unabakiwa na kidogo. Kuna jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 1967 Owen, Cahill na wenzao kule Marekani walionyesha kwamba mtu akikaa na njaa kwa wiki kadhaa, ubongo wake huendeshwa zaidi na ketoni, nishati ambayo ini hutengeneza kutokana na mafuta. Lakini insulini huzuia mafuta kuyeyushwa kuwa ketoni. Kwa hiyo aliyechoma insulini nyingi hukosa glukosi na hukosa mbadala wake kwa wakati mmoja, ndiyo maana anazima haraka.

Chini ya 3.9 mmol/L chukua hatua. Mwanzoni ni adrenalini, homoni ya hatari, inayosema: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa. Chini ya 3.0 mara nyingi ubongo wenyewe huanza kuyumba: maneno yanapinda, hasira zisizo na sababu, kuduwaa, kisha degedege na kupoteza fahamu. Anayetumia propranololi, dawa ya moyo na presha, anaweza asitetemeke kabisa, ila jasho hubaki. Gusa shingo na mgongo wake.

Ndugu watakuletea jina lililo tayari: amelewa, kapandisha mashetani, kapata kiharusi. Nimempokea mzee aliyeletwa na wanawe kwa habari ya kiharusi, mkono na mguu wa kulia umelegea, mdomo umevutwa, shati limelowa chapachapa. Sukari ilikuwa 1.7. Dekstrozi, yaani maji ya glukosi, ikaingia kwenye mshipa, na kabla hatujamaliza kuandika faili akaunyanyua mkono ule ule na kuuliza, "Wanangu, hapa ni wapi?" Sukari ya chini huweza kuiga kiharusi kikamilifu. Kipimo cha kidole hakichukui hata dakika, na hakuna udhuru wa kukiruka kwa mtu aliyechanganyikiwa, awe na kisukari au hana. Mtoto au mjamzito mwenye malaria kali naye sukari hushuka, hasa akiwa kwenye kwinini.

Aliye macho na anayemeza vizuri, mpe gramu 15 za sukari: nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji. Chokoleti haifai hapo, mafuta yake huchelewesha. Pima tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, hata mama yake akikusihi. Huyo ni wa dekstrozi ya mshipa.

Na akiamka, msikimbilie kumruhusu. Yule mzee alikuwa anameza glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, figo zake zimechoka, na siku hiyo hakula. Dawa hiyo hukaa mwilini na kuendelea kukamua insulini; sukari iliyopanda saa tatu inaweza kuanguka tena saa sita. Ndugu watachoka kungoja, nawe utaona aibu kuwashikilia mtu anayeongea vizuri. Mwelezeni mkubwa wa familia kwa heshima, "Mzee wangu, dawa bado iko ndani," na muendelee kupima hadi kesho.

Mwangalie sana anayekwambia siku hizi sukari inashuka bila yeye kusikia kitu. Sukari ikishuka mara kwa mara, mwili hupunguza adrenalini, na dalili za onyo hupotea. Hilo hurekebishika: akiepushwa kabisa na kushuka kwa wiki mbili tatu, mara nyingi dalili hurudi. Mjulishe daktari ili dozi ipunguzwe na lengo la sukari lilegezwe kidogo kwa muda huo, na anayeishi naye nyumbani afundishwe kupima na ajue sukari imewekwa wapi.