Spea za TV za chogo, nilivyojifunza kwa kuunguza

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, hasa nyie mnaopita hapa bandani Pasua kila wiki kuniuliza flaibaki, ile koili inayotengeneza umeme mkubwa wa kioo, inauzwa wapi. Dukani usizitegemee. Maduka ya spea hapa Moshi mjini sa hivi yamejaa taa za ndani za flati na rimoti, ukitaja flaibaki dogo wa kaunta anamwita bosi wake, bosi naye anacheka. Spea ya chogo iko ndani ya chogo lingine lililokufa, na hilo liko stoo kwa bibi wa watu huko Kibosho au Marangu, limefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake kuna kuku anaatamia.

Na sio yote yamekufa. Dar walizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, huku kwetu ikafata 2013, wenye chogo lenye tundu za AV, zile za waya wa picha na sauti, wakanunua king'amuzi wakachomeka maisha yakaendelea, ila yale ya zamani zaidi yasiyo na AV mengi yalienda stoo yakiwa mazima kabisa. Hayo ndo dhahabu, bodi yake haijawahi kuguswa na solda ya mtu.

Sasa anayekuwahi huko sio fundi mwenzako, ni kijana wa vyuma chakavu. Yeye shida yake shaba tu, ile ya yoki, koili ya shingoni mwa kioo, na ile koili kubwa inayozunguka kioo, kwahiyo anapiga shingo nyundo, anavuta shaba, bodi inaenda jalalani masika inamalizia. Mimi nimeongea na vijana wawili wa Mbuyuni na mmoja wa Kiboriloni, shaba chukueni ila bodi niachieni nzima, nawapa ya soda. Mpaka leo wananiletea. Ukienda mwenyewe vijijini usianze na "TV mbovu mnauza?", shikamoo kwanza, kaa, kunywa chai, mchekie redio yake bure, chogo atalitaja mwenyewe.

Haya, namba. Hapa ndo nimelipa ada kubwa. Kuna mama mmoja alileta nchi 21, flaibaki imepasuka ubavuni unaona mpaka cheche zinaruka gizani. Nikasoma stika nikaona BSC25, nikaishia hapo hapo, nikapanda basi mpaka Arusha, nikamwambia muuzaji nipe BSC25 ya nchi 21. Akanipa. Miguu kumi imeingia kwenye bodi kama ilizaliwa nayo, nikawasha nikiwa na raha zangu, pale shingoni kwenye kioo kule ambako huwa kunawaka kirangi cha chungwa hafifu pakawaka nyeupe kama taa ya pikipiki, halafu giza. Hita, ule uzi unaowaka ndani ya shingo, imekatika. Hita inataka volti 6.3, na kwenye ile flaibaki mguu wa hita ulikuwa sio ule, kwasababu BSC25 ni jina la ukoo tu, mtoto mwenyewe ni herufi na namba zinazofata baada ya kistari. Kioo cha mama wa watu nimekiua mimi, nikamtafutia kingine kwa hela yangu. Tangu siku hiyo stika naipiga picha nzima kabla sijatoka bandani, na ikiwa imefutika nafatilia miguu kwenye bodi mmoja mmoja naandika kwenye daftari, upi unaenda kwenye transista, upi hita, upi graundi.

Transista ya horizonto, ile inayoendesha flaibaki, nayo ina mitego yake. D1555 ukiipima beisi na emita mita inalia kama shoti, vijana wanaitupa, kumbe ndani ina rezista ndogo ya omu arobaini hivi na diodi, ndivyo ilivyo. Ila usije ukaitoa ukaweka BU508A kisa zote za volti 1500, BU508A haina ile diodi na mgongo wake ni chuma kitupu, usipoweka maika, kile kikaratasi cha kuzuia umeme, unapiga shoti kwenye hitisinki, lile bati la kupozea. Feki pia ni nyingi mno, namba imeandikwa juu ya namba. Nachofanya mi naenda na mbovu yangu ya orijino mfukoni, nazishika mbili mkononi, nyepesi naiacha, na maandishi nayafuta kwa pamba yenye thina, yakitoka narudisha pale pale kaunta. Muuzaji akinuna shauri yake.

Kapasita za kawaida hazisumbui, volti iliyoandikwa ipande isishuke na chukua zinazohimili joto la digrii 105. Lakini ile ya volti 1600 iliyo jirani na transista usiibadilishe thamani hata kidogo, ukiweka ndogo umeme wa kwenye kioo unapanda ovyo na flaibaki mpya inakufa.

Ukikosa kabisa huku, kuna Kariakoo na kuna Luthuli Avenue kule Nairobi, Namanga sio mbali. Ila usisafiri kwa ajili ya kitu kimoja, kusanya oda.

Na kabla hujawasha baada ya kuweka spea uliyoihangaikia wiki mbili, toa fyuzi weka balbu ya nyuzi ya wati 100 mahali pake. Chomoa kwanza plagi ya koili inayozunguka kioo maana inavuta umeme mwingi ikianza itakudanganya. Balbu ikimeta ikafifia, poa. Ikiwaka ikabaki inawaka, zima, kuna shoti bado, na usiweke kidole, kapasita kubwa inabaki na volti 300 na kitu hata ukichomoa ukutani. Balbu za LED hazifanyi hii kazi, na za nyuzi nazo zimeadimika, mimi nimebaki na tatu nimezivalisha soksi ndani ya boksi la viatu. Flaibaki nitakupa, bodi tutaelewana. Hizo balbu usiniombe.