Nesi mwenzako akikataa chanjo, rudisha kipeperushi mfukoni

Juzi nimepokea ujumbe wa nesi mmoja kijana aliyeko wilaya ya Liwale. "Shikamoo dada. Nimepewa jukumu la kuhamasisha watumishi wenzangu wachanjwe homa ya ini. Wananicheka, wananiita chawa wa mganga mfawidhi. Mmoja, tena ndiye anayechanja watoto kliniki kila siku, kaniambia nikimsogelea na sindano tutakosana. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Hilo jina la chawa nami nimelivaa. Akutukanae hakuchagulii tusi. Nakujibu hadharani kwa sababu wengi mnaonisoma ni manesi na matabibu mnaotaka siku moja kuwa waratibu wa chanjo wa wilaya, na mtu asiyeweza kuzungumza na mwenzake wa zamu hawezi kuzungumza na wilaya nzima.

Mwaka 2021 nilikuwa nikihamasisha wenzangu wachanjwe korona kwenye kituo cha afya kimoja mkoani Mtwara. Sikitaji, maana tuliokuwa nao bado tunasalimiana. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Januari 27 Rais Magufuli, akiwa Chato, alisema chanjo za korona hazifai. Tukajifukiza. Sisi wenye vyeti na leseni tulichemsha majani na kujifunika mablanketi kama watu wengine wote. Julai 28 Rais Samia akachanjwa Ikulu mbele ya kamera, na watumishi wa afya tukawekwa kwenye makundi ya mwanzo, pamoja na wenye miaka 50 na kuendelea na wenye magonjwa sugu. Miezi sita tu! Ukimgeuza mtu mzima shingo hivyo, halafu ukashangaa anauliza maswali, wewe ndiye mwenye tatizo.

Viongozi wengi hudhani nesi anayesita ni nesi asiyejua. Si kweli. Aliyenibana kuliko wote alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, msomaji kuliko hao waliotuletea mabango. Alijua kwamba Aprili mwaka ule Marekani waliisimamisha Janssen, mojawapo ya chanjo za korona, kwa siku kadhaa baada ya wanawake sita kugandwa na damu, wote wa kati ya miaka 18 na 48. Na Janssen ndiyo iliyotufikia kwanza. "Mimi nimo humo humo," aliniambia. Utampa kipeperushi chenye picha ya familia inayocheka?

Nilimpa kalamu. Wanawake sita kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8, aandike mwenyewe. Kisha tukazungumza kikazi: maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, tumbo, mguu kuvimba, pumzi kubana, hasa katika wiki mbili za mwanzo. Na kwamba akifika hospitali aseme mapema amechanjwa nini, kwa sababu heparini tuliyoizoea kwa damu iliyoganda inaweza kuleta balaa hapo. Nilikiri kwamba hatari ipo, ila ni ndogo sana. Hilo neno "ipo" ndilo lililomlainisha. Alichanjwa, usiku akapata homa, akanitukana kwenye simu, asubuhi tukaingia zamu pamoja.

Wengine wawili watatu walifuata kwa sababu yake. Siwasimulii.

Ninayetaka kumsimulia ni mama mmoja, mkunga mkongwe wa wodi ya wazazi. Aprili 2024 ndipo chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipobadilishwa kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 walikuwa wakilengwa wa miaka 14 tu. Tulizunguka naye shuleni tukachanja mabinti wa watu mpaka mikono ikachoka. Jioni nikamuuliza mjukuu wake anayekaa naye atakuja lini. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Mwanangu, mimi siogopi chanjo. Naogopa friji lenu."

Watu wa kusini mnaelewa. Umeme unakwenda na kurudi unavyotaka, mtungi wa gesi unaisha Jumamosi. Kwa hiyo sikubishana naye, nilimfungulia friji. Karatasi ya joto hii hapa, asubuhi na jioni, nyuzi 2 hadi 8. Akazinyooshea kidole jioni mbili ambazo hazikujazwa, na alikuwa na haki. Nikamwonyesha VVM, ile alama ya joto kwenye chupa, mraba wa ndani bado mweupe kuliko duara linalouzunguka, yaani joto halijaiharibu. Nikamwonyesha kwamba chupa hazigusi barafu, kwa sababu chanjo hii ikiganda imekwisha.

Akaangalia vyote, akafunga mlango wa friji, ndipo akasema lililokuwa moyoni. Mtoto ametoka unyago juzi. Kungwi wake ameuliza kama akichanjwa atazaa. "Nimjibu nini mimi, na kungwi ndiye aliyenifunda?"

Basi tulikwenda wote kwa kungwi. Nilimweleza bibi yule kwamba ndani ya chanjo hakuna kirusi kizima, ni ganda lake tu, mwili ulitambue. Aina mbili za kirusi hiki, 16 na 18, ndizo zinazosababisha saratani kama 70 katika kila 100 za mlango wa kizazi. Lakini aliyemaliza mazungumzo si mimi. Mkunga mwenyewe akaanza kuhesabu wanawake aliowapakia basi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500 huku wanavuja damu. Wengine walitolewa kizazi, wengine hawakurudi. Kinachomnyima mwanamke uzazi ni hicho. Mjukuu alichanjwa wiki ile ile, na kungwi akatuletea wengine wanne.

Kwenye kikao cha tathmini sifa alipewa mtu ambaye nyumba ya yule kungwi haijui. Kinyongo ninacho, sitaficha. Lakini kilichoniuma zaidi ni kufikiria mabinti tuliowachanja mchana ule kwa mkono wa mtu mwenye shaka. Mama wa mtoto anasoma uso wa nesi kabla hajasoma kadi ya kliniki. Ndugu zangu, huwezi kumpa mtoto wa mwenzio kitu unachokificha kwa wako. Kama una swali, uliza. Na wewe unayehamasisha, sikiliza. Usitishie kazi ya mtu, usimwite mjinga kikaoni, usimfuate mbele ya wagonjwa. Mfuate peke yake, msikilize, akimaliza msikilize tena, kwa sababu sababu ya kwanza anayokupa mara nyingi si yenyewe.

Sasa turudi kwako Liwale. Huyo wa kliniki anayetaka mkosane, sidhani kama anaogopa sindano. Homa ya ini B watu hupimwa kwanza ndipo wachanjwe, na kipimo atakifanya nani? Mtu wa maabara anayekunywa naye chai. Akikutwa nayo, kituo kizima kitajua kabla ya adhuhuri. Mtafutie nafasi akapime kituo kingine, bila jina lake kusomwa popote, uone.

Wengine wakumbushe hili: tukijichoma sindano sote tunakimbilia PEP, dawa za kuzuia VVU visishike, wakati hatari ya VVU kwa sindano ya mgonjwa aliye nayo ni kama 3 kati ya 1,000. Homa ya ini B, kwa ambaye hajachanjwa, damu ikiwa na virusi vingi, inaweza kufika 30 kati ya 100. Na hiyo ndiyo yenye chanjo.

Ratiba ni dozi ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya miezi sita baada ya ile ya kwanza. Waandikie tarehe zote tatu siku hiyo hiyo na namba zao za simu, kwa sababu korosho zikianza kudondoka mwezi wa kumi nusu ya watumishi wako utawapata mashambani na kwenye minada, si wodini.