Kamera Ilikuwa Mikononi mwa Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Filamu za Hali Halisi za Wayahudi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Kila Ijumaa jioni huwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita filamu moja ya hali halisi, kisha tunaijadili. Muhula ujao ningependa tuangalie maisha na historia ya Wayahudi, lakini karibu kila filamu ninayoletewa inahusu mauaji yaliyofanywa na Wanazi, na ile inayosifiwa kuliko zote, Shoah, ina urefu wa zaidi ya saa tisa. Nianzie wapi? (Mwalimu, Moshi)

JIBU: Mwalimu, tunakushauri usianze na Shoah, ingawa hakuna filamu ya aina hii tunayoiheshimu kuliko hiyo. Mwanafunzi anayekutana na Wayahudi kwa mara ya kwanza wakiwa tayari ndani ya mabehewa ya kupelekwa kuuawa hatajua ni nini hasa kilichopotea, kwa sababu hajawahi kuwaona wakitoka katika sinagogi, wakisimama mlangoni pa duka, au wakiwakemea watoto wao.

Anza na Three Minutes: A Lengthening, filamu ya Bianca Stigter wa Uholanzi iliyotoka mwaka 2021 na ambayo haifiki dakika 70. Mwezi Agosti 1938, David Kurtz, aliyekuwa amehamia Marekani tangu utotoni, alikwenda kutembelea Ulaya, akapita Nasielsk, mji mdogo wa Poland alikozaliwa, akiwa na kamera yake, akapiga picha za dakika tatu hivi. Mjukuu wake, Glenn Kurtz, aliukuta mkanda huo mwaka 2009 nyumbani kwa wazazi wake huko Florida, ukiwa umeanza kuharibika. Wakati picha zile zinapigwa, Nasielsk ilikuwa na Wayahudi wapatao 3,000. Waliosalia hai baada ya vita hawakufika 100. Stigter karibu hatoki kabisa nje ya dakika hizo tatu: anazirudia, anazisimamisha, anazisogelea, anautenga uso mmoja mmoja, na anatusimulia jinsi watafiti walivyohangaika kusoma kibao cha duka la vyakula ambacho herufi zake zimefifia. Watoto wanasukumana ili waonekane, na mmoja wao, mvulana wa miaka 13, alitambuliwa na mjukuu wake mwenyewe baada ya mkanda huo kuwekwa kwenye tovuti ya Jumba la Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi lililoko Washington. Mvulana huyo, Maurice Chandler, anasikika katika filamu akiwa mzee, akiwataja kwa majina baadhi ya wenzake. Wanafunzi wako watajifunza hapo jinsi mwanahistoria anavyofanya kazi, somo ambalo vitabu vya kiada hulipita kwa haraka.

Wiki ya pili waonyeshe watu walio hai na wenye maneno mengi. Number Our Days ya Lynne Littman, ya mwaka 1976, ni ya nusu saa tu na ilipata tuzo ya Oscar kwa filamu fupi za hali halisi. Ndani yake mwanaanthropolojia Barbara Myerhoff anakaa na wazee wa Kiyahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki, ambao hukutana katika kituo chao huko Venice, California, ambako huimba, hucheza dansi, hugombana na kupatana. Ni filamu ndogo isiyojivuna, na sisi tunaipenda kuliko nyingi zilizotengenezwa kwa fedha nyingi.

Kama muda utaruhusu, panga filamu mbili zinazotazama jamii moja kutoka pande mbili. A Life Apart, ya mwaka 1997, iliongozwa na Menachem Daum na Oren Rudavsky, na inawaeleza Wahasidi wa New York, yaani Wayahudi wanaoshika dini kwa ukali na kuishi kwa kujitenga, wengi wao katika eneo la Brooklyn. Daum ni mtoto wa manusura wa Maangamizi na alilelewa katika mazingira ya kidini, kwa hiyo anaingia katika nyumba hizo kama mtu wa ukoo, mwenye heshima na mwenye maswali yake. Miaka 20 baadaye, Heidi Ewing na Rachel Grady walitengeneza One of Us, inayowafuata watu watatu waliojitoa katika jamii hiyo na wanaolipa gharama kubwa kwa uamuzi wao. Ukionyesha ya kwanza peke yake, wanafunzi watadhani wameona watakatifu. Ukionyesha ya pili peke yake, watadhani wameona gereza.

Baada ya hapo ndipo uwaletee Shoah, na si lazima waione yote. Claude Lanzmann aliitumikia kwa miaka 11 hadi ilipotoka mwaka 1985, na uamuzi wake mkubwa ulikuwa kutotumia hata picha moja ya zamani. Hakuna maiti wala marundo ya viatu. Kuna watu wanaozungumza, na kuna mahali palipotokea mambo hayo jinsi palivyo sasa, misitu na reli zikiwa kimya. Chagua sehemu ya Abraham Bomba, kinyozi aliyelazimishwa kuwanyoa wanawake katika kambi ya mauaji ya Treblinka, Poland, muda mfupi kabla ya kuuawa kwao kwa gesi. Lanzmann alimweka katika duka la kinyozi huko Israel, akimkata mtu nywele huku akisimulia, na Bomba anapofika kwenye habari ya rafiki yake, kinyozi mwenzake aliyewaona mkewe na dada yake wakiingizwa chumbani, sauti inamkatika na anaomba waache. Lanzmann hamwachi, anamsihi aendelee. Je, alikuwa na haki ya kufanya hivyo? Wapo wanaosema huo ulikuwa ukatili, na wapo wanaosema bila hivyo ushuhuda ule usingalipatikana kamwe. Vilevile alimrekodi kwa siri Franz Suchomel, aliyekuwa mlinzi wa SS (kikosi cha Wanazi) kambini Treblinka, baada ya kumwahidi kwamba hatalitaja jina lake, na tunaisikia ahadi hiyo ikitolewa katika filamu ambayo jina lenyewe linaonekana wazi. Acha wanafunzi wabishane juu ya hilo. Hatudhani kwamba mwalimu anapaswa kuwapa jibu.

Night and Fog ya Alain Resnais, ya mwaka 1956, ni ya dakika 32 tu, na kwa sababu ya ufupi wake shule nyingi huikimbilia. Izuie kwa wanafunzi wadogo, kwa kuwa ina picha za maiti ambazo hata watu wazima huzishindwa. Tena, ingawa ni kazi ya ustadi mkubwa, karibu haiwataji Wayahudi kabisa.

SWALI: Nimeona kwenye simu kipande cha filamu ya zamani kinachoonyesha geto la Warsaw, yaani mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi wa mji huo wa Poland. Wayahudi matajiri wanakula na kucheka ndani ya mkahawa wakati wenzao wanakufa kwa njaa barabarani. Aliyekituma anasema huu ni ushahidi kwamba hawakuoneana huruma wao kwa wao. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Picha hizo zilipigwa kweli ndani ya geto, lakini waliozipiga walikuwa wapigapicha wa Wanazi, mwezi Mei 1942, wiki chache kabla ya watu wa geto hilo kuanza kupelekwa kuuawa Treblinka tarehe 22 Julai. Baada ya vita mikanda hiyo ilikutwa katika hifadhi za Ujerumani Mashariki, haina sauti wala haikuwa imekamilishwa, na kwa miaka mingi vipande vyake vilitumiwa katika filamu na majumba ya makumbusho kana kwamba ni kumbukumbu safi. Mwaka 1998 ukapatikana mkanda mwingine wenye mabaki ambayo hayakukusudiwa kuonekana, na humo tunaona tukio lilelile likirudiwa mara kadhaa, watu wakirudishwa nyuma ili wapite tena mbele ya maiti bila kugeuka, na mpigapicha mwenyewe akiingia katika picha ya mwenzake kwa bahati mbaya.

Yael Hersonski, mwongozaji wa Israel, aliyakusanya hayo yote katika A Film Unfinished, iliyotoka mwaka 2010. Aliweka kando ya picha hizo shajara ya Adam Czerniaków, mkuu wa baraza la Wayahudi la geto, ambaye nyumba yake iligeuzwa kuwa jukwaa la kupigia picha. Kisha akawaketisha manusura wachache ukumbini, akawaonyesha mikanda ile na kuzipiga picha nyuso zao walipokuwa wakiitazama. Tofauti za kipato zilikuwapo getoni, na filamu haizikanushi. Kilichotungwa ni ule mpangilio wa tajiri na maskini katika fremu moja, uliokusudiwa kumfanya mtazamaji awachukie wote wawili. Aliyekutumia kipande hicho anaifanya kazi ileile iliyokusudiwa mwaka 1942, pengine bila kujua, na tunakuomba umjulishe.

SWALI: Kwa hali ilivyo Gaza, mbona mnatuhimiza kutazama filamu hizi? Si propaganda ya serikali ya Israel? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Zipo filamu za propaganda kuhusu Israel kama zilivyopo kuhusu nchi nyingine, na hatuzipendekezi. Lakini Wayahudi wameishi Baghdad, Warsaw, Gondar na New York kwa historia zao wenyewe, na historia hizo si mali ya serikali yoyote. Tazama Forget Baghdad ya mwaka 2002. Mwongozaji wake, Samir, ni raia wa Uswisi aliyezaliwa Iraq katika familia isiyo ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mkomunisti, na mwongozaji huyo alikwenda Israel kuwatafuta Wayahudi wa Iraq waliokuwa makomunisti zamani. Akawakuta waandishi kama Sami Michael na Samir Naqqash, ambaye aliendelea kuandika kwa Kiarabu hadi mwisho wa maisha yake, na wanayoyasema kuhusu jinsi Wayahudi waliotoka nchi za Kiarabu walivyodharauliwa walipofika huko hayawezi kuifurahisha idara yoyote ya propaganda. Arnon Goldfinger naye, katika The Flat ya mwaka 2011, anafungua makabati ya nyumba ya marehemu bibi yake mjini Tel Aviv na kugundua kwamba babu na bibi yake waliurudia, hata baada ya vita, urafiki wao na ofisa Mnazi Leopold von Mildenstein. Hiyo si hadithi ambayo familia huitangaza kwa kujisifu.

SWALI: Nasikia Wayahudi walitaka kupewa ardhi ya huku kwetu, na kwamba kuna filamu ya hali halisi iitwayo Nowhere in Africa inayoeleza habari hiyo. (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Hayo ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia Joseph Chamberlain, ilipendekeza Wayahudi wapewe eneo la Uasin Gishu. Kongamano la Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao wenyewe, lilituma wajumbe kulikagua, na mwaka 1905 likakataa. Wenyeji wa eneo hilo hawakuulizwa lolote. Nowhere in Africa ya Caroline Link, ya mwaka 2001, si ya hali halisi bali ni ya maigizo, na imetokana na riwaya ya Stefanie Zweig, aliyefika Kenya akiwa mtoto mwaka 1938 pamoja na wazazi wake waliowakimbia Wanazi. Utaifurahia, hasa kwa Kiswahili kinachosikika humo, ila usiinukuu kama ushahidi.

Ukitaka Wayahudi wenyeji wa eneo letu, watafute Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 na kupigwa marufuku kuabudu wakati wa Idi Amin. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles akawekwa wakfu mwaka 2008, kisha akachaguliwa kuwa mbunge mwaka 2016. Filamu kuwahusu tulizoziona sisi zilitengenezwa na wageni, na nyingi zinakaa mno kwenye mshangao wa mgeni. Tungependekeza usikilize kwanza albamu ya nyimbo zao iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003, ambamo wanaimba zaburi kwa Kiganda na kwa Kiebrania bila msimulizi wa kutueleza tushangae nini.