Rangi za Mafuta Hazikauki: Nimekosea Wapi?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Lushoto, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikichora mandhari ya milima ya Usambara kwa rangi za akriliki, kwa kujiburudisha tu. Hivi karibuni mwanangu aliniletea kisanduku cha rangi za mafuta, nami nikachora bonde lenye ukungu. Siku ya tatu rangi ilikuwa bado mbichi, nikaona niongeze mawingu kwa akriliki nyeupe. Sasa mawingu hayo yanabanduka. Je, rangi hizi ni mbovu?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Rangi zako ni nzima. Akriliki hukauka kwa maji yake kuishia hewani, ndiyo maana juani huganda kwa dakika chache; rangi ya mafuta haina maji ya kuishia, bali mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo ndani yake huvuta oksijeni na kugeuka polepole kuwa utando mgumu, kazi inayochukua siku kadhaa kwa tabaka jembamba, wiki nyingi kwa tabaka nene, na muda mrefu zaidi penye baridi kama huko kwenu. Juu ya mafuta akriliki haishiki. Kinyume chake kinawezekana: chora msingi kwa akriliki, uache ukauke kabisa, kisha umalizie kwa mafuta. Ningekuwa mimi, ningeanzia hapo, kwa kuwa akriliki umekwisha kuizoea.

Nakusihi usiuone ukawiaji huo kuwa kasoro, hasa wewe unayechora ukungu. Ukingo wa mlima uliochorwa kwa mafuta unaweza kuurudia hata kesho yake kwa brashi kavu, ukiufifisha kidogo kidogo hadi mlima uyeyukie angani, jambo ambalo akriliki hainipi nafasi ya kulifanya. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi, na maumbo yake yenye kingo bayana yaliafikiana vyema na rangi ya namna hiyo. Ukungu wa Usambara unahitaji rangi ya tabia nyingine.

Tabaka za chini zizimue kwa tapentaini, madirisha yakiwa wazi, na mafuta uyazidishe kadiri unavyopanda juu, kwani tabaka la juu likitangulia kukauka huja kupasuka. Kabla ya picha nyingine, paka mstari wa kila rangi kwenye kipande cha turubai, uandike tarehe, na uuguse kwa kidole kila siku. Utaona kuwa amba, rangi ile ya udongo wa kahawia, hukauka mapema kuliko nyeupe ya titani.

Picha uliyonayo haijapotea. Iache hadi rangi ya chini ishike, uyabandue mawingu taratibu kwa kisu butu, kisha uyachore upya kwa mafuta. Vanishi ingoje walau miezi 6. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyafinyange na kuyarundika ndani, kwa sababu hujipasha joto yenyewe hata yakawaka moto. Yatandaze nje, moja moja, hadi yakakamae.