Kusi Limeingia, Sukuma Inajikunja

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina vitalu viwili vya sukuma uani kwangu Langoni, Lamu. Nilipanda masika yakielekea kwisha, ikashika vizuri kwa samadi ya punda, maana hapa kwetu hiyo hainunuliwi. Tangu baridi ya kusi ianze, majani ya katikati yanajikunja na kwa chini yana ukungu wa kijivu. Ya upande wa bahari yanakauka ncha. Dada yangu aliye Uingereza asema ni baridi, nifunike usiku kama wafanyavyo wao. Nimefunika kwa kanga wiki nzima, hali ni ile ile. (Mama wa wawili)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kanga zako zirudishe sandukuni. Dada yako hakukosea kwa huko aliko: jalidi ya usiku mmoja inaua nyanya zote, ingawa sukuma huivumilia, tena huzidi utamu kwa vile jani likipigwa na baridi hukusanya sukari. Kipupwe chetu hakifiki huko. Usiku wa Julai Lamu ni nyuzi 20 na kitu, na hali hiyo ndiyo wanayoipenda wageni ulio nao.

Maana huo si ukungu. Geuza jani, lipeleke kwenye mwanga, utazame polepole. Hilo vumbi lina miguu. Ni vidukari, na ule ujivu ni nta waliojipaka. Jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai, kwa hiyo kumi wa Ijumaa si kumi wa Ijumaa ijayo. Masika, mvua kubwa ilikuwa ikikuangushia bila wewe kujua. Ukiona sisimizi wanapanda shina, wafuate: wanakwenda kulamba majimaji matamu ya vidukari, na huwafukuza wadudu wanaowala.

Samadi uliitia mbichi, sivyo? Jani lililoshiba samadi huwa laini, na kidukari hulipenda laini. Ya mara nyingine irundike uiache ipoe, hata miezi mitatu, mpaka isinuke tena.

Sasa kata majani yaliyojikunja kabisa, dawa haiingii humo. Yaliyobaki yapige maji kwa chini, uwaangushe. Kisha twanga mbegu kavu za mwarobaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, ulaze usiku kucha, uchuje kwa kitambaa. Tia kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya vyombo; bila sabuni, ile nta huyakataa maji, yakateleza tu. Nyunyiza jioni, kwani jua huiua nguvu mwarobaini, na urudie baada ya siku tano au sita. Sabuni ya unga usiiguse. Mimi hapa Malindi niliwahi kutia kikombe kizima kwenye ndoo: vidukari walikufa, na sukuma ikawafuata.

Hizo ncha kavu ni jambo jingine. Ni chumvi inayoletwa na kusi. Simamisha kiwambo cha makuti upande wa bahari, usikikaze sana, upepo upenye kidogo. Ukikutana na ukuta huruka juu ukaanguka kwa nguvu upande wa pili. Asubuhi suuza majani kwa maji ya mvua kama bado unayo. Ya kisima cha chumvi yatakuongezea lile lile.

Yale majani uliyokata, kabla hujanyunyiza chochote, mpe punda.