Bingwa wa judo kufungua klabu Mwanza: watoto waanguke kwanza

Mkuu, hayo maonyesho ya mwisho wa mwezi futa. Umesema umecheza judo miaka mingi ukachukua ubingwa, sasa umehamia Mwanza, umepata ukumbi Buzuruga, una watoto wa miaka 9 hadi 12, na kuna mtu amekushauri uwapange warushane osoto gari, ule mrusho wa kumsukuma mwenzako nyuma na kumfyeka mguu, mbele ya wazazi ili ada zianze kuingia. Umeuliza mengi: ada, mikeka, mitihani ya mikanda, usajili. Mimi nimekwama hapo kwenye osoto gari.

Huyo mshauri wako namjua hata kama sijawahi kumwona, maana wa kwangu alikuwa hivyo hivyo. Nilitoka kwenye mashindano nikaingia kwenye ukocha moja kwa moja. Medali ninazo, uchi mata yangu, mrusho wa kufyeka paja kwa ndani, watu walikuwa wanaiogopa, na jamaa mmoja mpangaji wa matamasha akanihakikishia kwamba mzazi wa hapa hatoi hela kwa mtoto anayegaragara chini, anatoa kwa mtoto anayemrusha mwenzake. Nikamsikiliza.

Maonyesho tulifanyia Igoma, mikeka myembamba juu ya sakafu ya simenti. Kijana mmoja, mama yake anauza dagaa Mwaloni, akasukumwa, akafyekwa mguu kwa nyuma, akaenda chali mzima mzima. Kisogo kikatangulia. Akainuka anacheka, watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nikamwona anafunga mkanda. Akaufungua. Akaufunga tena, akaufungua. Akaniuliza, "Mwalimu, zamu yangu bado?" Yule jamaa akashika maiki: mpeni maji, joto tu hilo, tuendelee. Usiku mtoto akaanza kutapika. Damu ilikuwa imevia ndani ya fuvu, wakampasua. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini darasani si yule tena. Mama yake tukikutana ananisalimia kwa heshima ile ile, na hilo linaniuma kuliko angenitukana. Jamaa wa matamasha hakufika hospitali hata siku moja. Mtu wa namna hiyo anauza tiketi za viungo vya watoto wa wenzake, na anakuita kocha ili lawama ziwe zako.

Sasa nielewe vizuri. Wewe kuwa bingwa hapa hakukusaidii, kunakuponza. Mwili wako unaanguka wenyewe. Kidevu kinajibana, mkono unapiga mkeka, pumzi inatoka, na wewe huwazi lolote, kama mtu aliyekulia Ukerewe asivyokumbuka nani alimfundisha kuogelea. Ndiyo maana bingwa akianza kufundisha anaanza na mirusho: ndiyo anayoiona. Kuanguka hakuoni, anadhani kila mtu anacho.

Japani kwenyewe, ambako Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882, watoto zaidi ya 100 walikufa kwenye judo ya shuleni kati ya 1983 na 2011. Wengi walikuwa wageni wa mchezo, wengi waliumia kichwa, na osoto gari ndiyo inayotajwa sana. Sababu iko wazi ukiitazama: mtoto anakwenda nyuma bila kuona chini, shingo bado changa, kichwa kinachapwa. Mishipa midogo inayotoka kwenye ubongo inaweza kukatika kwa mtikisiko peke yake, hata kichwa kisipopasuka popote. Wafaransa wao waliliona mapema jambo la walimu: tangu mwaka 1955 sheria yao inamtaka anayefundisha judo awe na diploma. Mkanda mweusi peke yake hautoshi.

Na usiniambie bingwa halisi hahitaji kujifunza ukocha. Kosei Inoue alichukua dhahabu ya Olimpiki Sydney 2000 kwenye kilo 100, akawa bingwa wa dunia 1999, 2001 na 2003. Alipostaafu 2008 hakukimbilia kuvaa filimbi shingoni. Alikwenda Uingereza kujifunza, akatazama watu wengine wanavyofundisha. Ndipo akakabidhiwa timu ya wanaume ya Japani baada ya London 2012, walikotoka bila dhahabu hata moja. Rio 2016 wanaume wake wote saba walipata medali, na Tokyo walileta dhahabu tano. Huyo ndiye bingwa aliyekubali kukaa darasani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitaipunguza: mtoto harushwi mpaka aanguke vizuri pande zote, nyuma, kushoto, kulia, mbele, akiwa amechoka, akiwa anacheka, akiitwa ghafla. Anza wamelala chali, kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, mikono miwili inapiga mkeka kandokando ya mwili, si juu mabegani. Kisha wakae. Kisha wachuchumae. Kisha wasimame. Kisha mmoja apige magoti na mikono chini, mwenzake aangukie kwa kupita mgongoni kwake. Ukiona mmoja tu ananyoosha mkono kujizuia chini, rudi nyuma hatua moja na darasa zima, hapo ndipo viwiko vinapochomoka.

Anayerusha naye ana kazi yake, na hii makocha wengi wanairuka. Asiachie mkono wa nguo ya mwenzake. Auvute juu wakati mwenzake anashuka, kichwa kisifike chini. Mtoto anayerusha akaachia, hata kama mrusho ulikuwa mzuri kiasi gani, kwangu anakaa pembeni. Osoto gari yenyewe iache hadi mwisho. Anza na o goshi, mrusho wa nyonga, polepole, wakiwa wamepiga magoti kwanza.

Mikeka: ukikosa tatami za kweli, tandika pumba za mpunga zilizoshindiliwa na turubai lililovutwa likakaza, pumba hazikosekani huku. Godoro laini usitumie, mguu unazama na kifundo kinageuka. Na mtu akikushauri uwapeleke kwenye mchanga wa ziwani, mchanga ni mzuri kwa kuanguka, ila wakimaliza wataingia majini kujisafisha, na kichocho kipo. Nguo za mazoezi fundi wa Makoroboi anashona kwa kitambaa kizito cha pamba, mwambie aongeze mishono kwenye kola na mabega.

Ada na usajili wadau wengine watakujibu. Mimi nataka ubandike tangazo ukutani, na wazazi walisome kabla ya kutoa shilingi: mtoto akigonga kichwa, akisema kinauma, akionekana kama hajui yuko wapi, au akitapika, anatoka mkekani hapo hapo, hapandi daladala peke yake, anaonwa na daktari siku hiyo hiyo, na harudi mazoezini mpaka daktari aseme. Asisubiriwe aamke vizuri asubuhi.

Jumamosi asubuhi huwa nina nafasi. Sema saa, nije Buzuruga nikusaidie na hizo hatua za mwanzo, bure.